UZI: Msitu wa Ituri na okapi wake. Miti imesimama, wanyama je?

Mtembea Pori:

Wakuu, salaam.

Kila mada ya misitu ikija hapa jukwaani tunakimbilia Amazon. Nani kachoma, rais gani kasema nini, tunabishana kurasa kumi, tunalala. Sasa msitu wa mvua ulio wa pili kwa ukubwa duniani uko hapa hapa nyuma ya milima ya Ruwenzori, na upande wake wa mashariki watu wanaongea Kiswahili. Leo nataka tuukalie huo. Sitaweza kuumaliza wote, maana unagusa Kameruni, Gaboni, Guinea ya Ikweta, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo zote mbili, na zaidi ya nusu yake iko Kongo ya Kinshasa. Nachukua kona moja tu: Ituri.

Ukitoka Bunia kwenye nyasi na ng'ombe, ukashika njia ya magharibi kuelekea Kisangani, msitu unakupokea kabla ya kufika Mambasa na haukuachii tena. Katikati yake kuna Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, makao yake Epulu. Ilitangazwa mwaka 1992, mwaka 1996 UNESCO wakaiweka kwenye Urithi wa Dunia, na mwaka uliofuata tu, 1997, wakaihamishia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya vita. Ina kilomita za mraba kama 13,700 hivi. Kwa anayeijua Serengeti, ukubwa unakaribiana.

Kinachotofautiana ni namna ya kuona. Serengeti unazima gari, nyumbu hao mpaka macho yanachoka. Ituri unaweza kutembea kutwa usikutane na mnyama mkubwa hata mmoja, na wao wamekuona tangu asubuhi. Ndipo ilipo hoja yangu. Sisi watu wa nyika tumezoea kuwajua wanyama kwa macho, kwa hiyo tukiona msitu wa kijani tunahesabu kwamba vyote vimo. Msitu unaweza kumalizwa wanyama wake mmoja mmoja, na picha ya setilaiti ikaendelea kuonyesha kijani kizuri kabisa.

Nakuja na okapi mwenyewe kwenye bandiko linalofuata.

Kandambili:

Nimeshaweka mkeka. Mimi Okapi naijua redio tu.

Mtembea Pori:

Kandambili hujakosea, Radio Okapi ya Umoja wa Mataifa ilianza kurusha matangazo Kongo mwaka 2002, na Kiswahili ni moja ya lugha zake. Jina wamelichukua kwa mnyama huyu.

Okapi ni ndugu wa twiga. Ndugu wa damu hasa, ukoo wao umebaki wao wawili tu duniani. Shingo yake ya wastani, mabegani anafika mita moja na nusu, mwili wa rangi ya kahawia iliyoiva na ngozi yenye mafuta, halafu mapaja na miguu ina mistari myeupe kama pundamilia. Ulimi mrefu kiasi kwamba anajilamba macho na masikio. Dume ana vijipembe viwili vimefunikwa ngozi, jike hana.

Hiyo mistari inawachanganya wengi, hata wasomi iliwachanganya. Mwaka 1900 Sir Harry Johnston alikuwa mtawala wa Uingereza kule Uganda. Kuna Mjerumani alikuwa amewakamata Wambuti, wawindaji wenyeji wa msitu wa Ituri, awapeleke Paris kwenye maonyesho, wakaonyeshwe watu kama bidhaa. Johnston akawaokoa akawarudisha kwao, na njiani wakamwelezea mnyama huyu wanayemfahamu vizuri sana. Alipofika msituni wenyeji wakamwonyesha nyayo zenye kwato mbili. Akakataa. Kichwani mwake alikuwa anatafuta aina ya farasi au pundamilia, mwenye kwato moja, akaona wanamzungusha. Alichopata ni vipande vya ngozi ya mistari, akavituma London, na huko mwaka 1901 wakampa mnyama jina la kisayansi la jamii ya farasi! Ilipokuja ngozi nzima na mafuvu ndipo wakanyamaza na kubadilisha. Wambuti walikuwa wamesema kweli tangu siku ya kwanza.

Tabia zake sasa. Anaishi peke yake. Mimba inachukua zaidi ya miezi 14, na anazaa mtoto mmoja. Mama humficha mtoto kwenye kichaka akaenda kula, na mtoto huyo anaweza kukaa mwezi mzima au zaidi bila kutoa kinyesi, ili chui asipate harufu. Mama na mtoto huitana kwa sauti ya chini mno ambayo sikio la binadamu haliipati. Mnyama wa namna hiyo utamwonaje kwa macho?

Binti wa Minziro:

Hiyo ya mtoto kutokwenda haja mwezi mzima imeniacha mdomo wazi. Ahsante kaka. Endelea, nafuatilia kwa makini.

Mzee wa Hoja:

Mkuu uzi ni mzuri lakini naona unatupeleka kwenye utalii wa mnyama mmoja. Okapi akipotea leo, mkulima wa Ituri atakosa nini? Miti si itabaki? Mvua si itanyesha? Naomba hoja, si huruma.

Mtembea Pori:

Mzee wa Hoja, shikamoo, na swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi. Tumwache okapi kidogo, tumchukue tembo.

Tembo wa msituni si yule wa Tarangire. Mdogo zaidi, masikio ya mviringo, pembe zimenyooka kuelekea chini. Miaka mingi walihesabiwa pamoja, mpaka mwaka 2021 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, lilipowatenganisha rasmi kwenye orodha yake, na papo hapo wa msituni akaingia daraja la walio hatarini kabisa kutoweka: idadi yake ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 86 ndani ya miaka 31. Na hawazaliani haraka. Watafiti waliowafuatilia miaka mingi kule Dzanga, Jamhuri ya Afrika ya Kati, waliona jike huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka zaidi ya 20, kisha anakaa miaka mitano au sita ndipo azae tena.

Huyu tembo ni mla matunda. Kuna miti ya msitu ambayo tunda lake ni kubwa na kokwa lake ni gumu, hakuna mwingine wa kulimeza zima isipokuwa yeye. Analila huku, anakwenda kilomita nyingi, analiacha huko ndani ya rundo la mbolea. Tembo akiondoka, matunda yanaangukia chini ya mti mama na kuozea hapo. Mti mkubwa unaishi miaka mamia, kwa hiyo wewe na mimi hatutaona kitu. Tutaona mti umesimama, tutasema msitu upo. Ni kama nyumba ya wazee watupu: kila chumba kina mtu, lakini hakuna mtoto anayelia.

Kuna zaidi. Tembo anapopita anavunja na kula miche laini inayokua haraka, ile yenye mbao nyepesi. Inayobaki na kupata nafasi ni ile migumu inayokua taratibu, na ndiyo inayobeba kaboni nyingi zaidi, yaani ile hewa ya ukaa inayofungwa kwenye mbao badala ya kubaki hewani. Watafiti walipiga hesabu hiyo mwaka 2019 na wakaona kwamba msitu wa Kongo ukikosa tembo utapungukiwa kaboni hata kama hakuna aliyeshika shoka.

Na si tembo tu. Hondohondo wanabeba mbegu kwa kuruka, kima wanatema kokwa mbali na walikochuma, na nungunungu ana kazi yake. Ndani ya hifadhi ya Epulu peke yake zipo jamii 17 za nyani, kima, sokwe na ndugu zao wa usiku.

Nisiwe mnafiki, si kila mti unamhitaji tembo. Sehemu kubwa ya Ituri imetawaliwa na mti mmoja tu, wenyeji wanauita mbau. Unaweza kutembea masaa ni mbau mtupu, chini giza, majani makavu yamelala tabaka juu ya tabaka, vichaka haba. Mbegu ya mbau ni nzito, inaanguka pale pale na mche unavumilia kivuli cha mama yake. Mwaka inapozaa kwa wingi, nguruwe pori na paa wa kila aina hujaa kuifuata.

Mzee wa Hoja:

Marahaba kijana. Hapo umenijibu nusu. Nusu nyingine ni hii: watu wale nini?

Dereva wa Semi:

Wakuu mimi natembeza mzigo, Mombasa hadi Kasindi mpakani mwa Uganda na Kongo, mara nyingine Beni na Bunia hali ikiruhusu. Naomba niseme nilichokiona. Ukiwa njia ya Mambasa wanyama hai husikii habari zao. Ila waliokufa wanakuja wenyewe dirishani. Kima waliokaushwa kwa moshi, paa wadogo wamefungwa miguu, nungunungu, wakati mwingine kasa wa mtoni. Anayeuza ni kijana au mama mwenye mtoto mgongoni. Ukimwambia asiwinde, ukishamaliza mahubiri yako unaondoka na lori lako, yeye anabaki pale na njaa yake. Na wanunuzi wakubwa siyo sisi madereva, mzigo unapakiwa pikipiki kwenda mjini na machimboni.

Mtembea Pori:

Dereva, umemaliza kazi niliyotaka kuanza.

Mzee wa Hoja, watu wa Ituri wamekula nyama ya msitu miaka na miaka bila kuumaliza. Wambuti wanawinda kwa nyavu: wanaume wanazifunga kwa kuziunganisha nusu duara, wanawake na watoto wanaingia upande wa pili wakipiga kelele, paa wanakimbilia wavuni. Ndugu zao Waefe upande wa kaskazini wanatumia zaidi upinde. Msimu wa asali ukifika kambi zinavunjwa na watu wanatawanyika kufuata nyuki. Nyama nyingine wanabadilishana na wakulima wa Kibila na Kilese kwa ndizi na mihogo. Wavu una kikomo chake: unachoka, unakusanya, unahama, nyuma yako mahali panapumzika.

Waya hauna kikomo. Mtego wa waya wa breki za pikipiki unakaa usiku na mchana, hauchagui, unaweza kumshika paa, chui au okapi, na mwenye mtego asiporudi mnyama anaoza hapo hapo. Weka juu yake bunduki ya kivita iliyobaki kila vita inapopoa. Weka barabara iliyofunguliwa, inayoleta soko mpaka mlangoni. Halafu weka machimbo ya dhahabu yenye maelfu ya watu wasiolima na wanaotaka kitoweo kila jioni. Hapo mwindaji hawindi tena kwa ajili ya sufuria yake.

Kwa hiyo kwangu mimi shida si mtu wa Ituri kula paa. Shida ni nyama ya pori kuwa biashara ya miji ambayo haioni msitu.

Mutoto ya Butembo:

Jambo bandugu. Mi ni wa Butembo, dada yangu aliolewa Mambasa, kwa hiyo hii mambo tunaiishi, hatuisomi tu.

Munasema wanyama wanaisha bila mutu kuona. Ni kweli, lakini batu nao wanaisha bila mutu kuona. Mwezi wa sita 2012 waasi waliingia Epulu asubuhi. Waliua batu, na walinzi wa pori kati yao, wakachoma nyumba za kazi, wakaua na okapi 14 wenye walikuwa wanafugwa pale. Wale okapi hawakuliwa. Ilikuwa kisasi, sababu walinzi walikuwa wanazuia pembe za tembo na dhahabu. Tangu siku ile Epulu haijafuga tena okapi.

Na dhahabu ndiyo mukubwa wa yote. Mwanzo kulikuwa bachimbaji wa mikono, na koleo na karai. Sasa kuna mahali makatapila yanageuza muto, maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, samaki hakuna. Mupaka wa hifadhi kila mutu anausoma na karata (ramani) yake. Kijana wa kwetu akisikia huku ni urithi ya dunia, anauliza: hiyo dunia inanilipa ngapi kwa siku? Chimbo inamulipa.

Lakini musifikiri hakuna wenye wanalinda. Wale walinzi wengi ni batoto ya pale pale. Na Wambuti ndio wanawaongoza ndani, bila wao mulinzi anapotea. Kinshasa ilipitisha sheria 2022 ya kulinda haki zao, hata haki ya ardhi. Karatasi iko. Tunangoja miguu yake.

Kandambili:

"Tunangoja miguu yake." Ndugu wa Butembo poleni sana, na ahsante kwa kutuambia.

Swali la kizembe: kama hawaonekani, hao watafiti wanajuaje wapo wangapi?

Mtembea Pori:

Si la kizembe. Wanahesabu kinyesi na nyayo kwenye mistari waliyoinyoosha msituni, na siku hizi wanafunga kamera kwenye miti zinazojipiga zenyewe mnyama akipita. Okapi wa mbuga ya Virunga walidhaniwa wameshapotea, hawajathibitishwa kwa miaka karibu 50. Mwaka 2008 kamera hizo zikawapata.

Na mara nyingine sayansi inampata mnyama kwa namna ya kuchekesha. Mwaka 1913 mtaalamu wa ndege James Chapin alikuwa Avakubi, Ituri, akaona unyoya usio wa kawaida kwenye kofia ya mwenyeji. Akauhifadhi. Hakumjua mwenye unyoya huo mpaka mwaka 1936, alipoingia makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa kando na kibandiko kinachosema ni tausi wa India. Kumbe ndiye tausi wa Kongo, ndege ambaye hakuna aliyeamini Afrika inaye. Miaka 23 unyoya ulikuwa unamngoja mwenyewe!

Ya karibuni zaidi: mwaka 2007 watafiti kwenye bonde la mto Lomami, Kongo, walikuta kima wa kufugwa nyumbani kwa mwalimu mkuu, mwenye uso na macho kama ya mtu anayefikiria jambo. Wenyeji wanamwita lesula. Mwaka 2012 akatangazwa kuwa jamii mpya, na mwaka 2016 mbuga ya Lomami ikazinduliwa. Watu wa pale walikuwa wanamla tangu zamani.

Nguvu ya Hoja:

Ila mkuu usiitupe Amazon namna hiyo. Na misitu ya Urusi je?

Mtembea Pori:

Siitupi, kisa ni kile kile. Njugu za Brazil mnazokula zinatoka kwenye mti mrefu wa Amazon ambao tunda lake ni gumu kama mpira wa chuma. Anayelitoboa ni panya mkubwa anayeitwa aguti. Anakula baadhi, nyingine anazifukia, anazisahau, zinaota. Hakuna aguti, hakuna miche. Mashariki ya mbali ya Urusi, msonobari wa Korea unategemea ndege na vindi wanaofukia mbegu zake. Nguruwe mwitu wananenepa kwa mbegu hizo hizo, na chui milia wa Amur anaishi kwa nguruwe. Kata msonobari, umemuua chui milia bila kumlenga.

Mluhya Asilia:

Wadau, mimi niko Kakamega. Mnaongea kana kwamba msitu wa Kongo uko mbali, na kipande chake tuko nacho hapa. Miti, ndege na vipepeo vingi vya Kakamega ni vya ukoo wa Kongo, huu ndio ukingo wake wa mashariki uliobaki peke yake baada ya mashamba kuuzunguka. Na tukisema ukweli, nyumba ngapi Nairobi na Kampala zina milango ya mahogany ya Kongo? Mbao zinapita Kasindi kila wiki. Dereva atanisahihisha.

Dereva wa Semi:

Sina cha kukusahihisha boss. Kwenda ni saruji na mafuta ya kula, kurudi ni mbao na kakao.

Binti wa Minziro:

Na sisi Kagera tusisahaulike jamani. Msitu wa Minziro, mpakani na Uganda, una ndege wa Kongo ambao Tanzania nzima huwapati kwingine. Watalii wa ndege wanakuja na darubini zao, sisi wenyewe tunaupita tu tukienda Mutukula.

Kaka Mtembea, nikitaka kuona msitu wa Ituri wenyewe bila kuingia kwenye hatari ya vita, inawezekana?

Mtembea Pori:

Inawezekana dada. Nenda Semuliki, wilaya ya Bundibugyo, Uganda. Kutoka Fort Portal unazunguka ncha ya kaskazini ya Ruwenzori unashuka bondeni. Ni mbuga ndogo, kilomita za mraba 220 tu, lakini ni msitu wa Ituri uliovuka mto na kuingia Uganda. Kuna chemchemi za maji ya moto, kuna hondohondo wakubwa wenye mabawa yanayovuma kama treni, kuna mbega na kima wa aina kadhaa. Lipa mlinzi akutembeze kwa miguu mpaka mtoni, usiishie kwenye chemchemi kama wengi.

Binti wa Minziro:

Na okapi nitamwona?

Mtembea Pori:

Hapana. Zamani walikuwepo upande huo wa Uganda. Msitu upo, chakula chake kipo, yeye hayupo tena.

Mzee wa Hoja:

Sasa nimepata nusu yangu ya pili. Kijana, hiyo njia ya kutoka Mutukula hadi Fort Portal basi lipo la moja kwa moja au mpaka upitie Kampala?

Dereva wa Semi:

Mzee shuka Masaka, panda ya Mbarara, Mbarara utapata gari za Fort Portal. Kampala ni kuzunguka bure.